Shajara ya mradi: kompyuta mpakato ya steshenari inayochemka na kwenda taratibu

Hali ya mwanzo na lengo

Mashine inayoandikiwa shajara hii ni kompyuta mpakato ya shangazi yangu, mwenye duka la steshenari Mbagala, Dar es Salaam. Ina prosesa ya Intel Core i5-8250U, ambayo ni ya kizazi kilichotoka mwaka 2017, ramu ya gigabaiti 8, na diski ya kuzunguka ya terabaiti 1. Kazi zake ni zile za steshenari yoyote ya mjini: kuchapa mitihani ya shule, kupanga wasifu wa waombaji kazi, kujaza maombi ya vyeti vya kuzaliwa na ya mikopo ya wanafunzi mtandaoni, na kutuma nakala kwenye printa tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Malalamiko yaliyonifikia yalikuwa mawili yaliyofungwa katika kauli moja: "Inachemka, halafu nzito." Kabla yangu, fundi mmoja alikwisha kutoa hukumu bila kuifungua kwamba pesti, ile krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo chake cha shaba, imekauka, na mwingine akashauri Windows ipigwe upya.

Lengo la mradi ni kwamba mashine ihimili kazi ya mchana kutwa katika joto la Dar bila kujizima, na kwamba kasi yake ilingane na uwezo halisi wa prosesa iliyomo. Sharti nililojiwekea ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kupima kabla na baada ya kila badiliko, kwa kuwa mafundi wengi hufanya mambo matano kwa mkupuo, mashine ikapona, na hakuna anayejua ni lipi kati ya hayo matano lililoiponya.

Jumamosi jioni: vipimo kabla ya bisibisi

Nilianza kwa kuweka HWiNFO, programu ya bure inayosoma vihisi vilivyomo ndani ya mashine, nikaiacha iandike kila baada ya sekunde chache joto la prosesa, kasi yake, umeme inaoutumia kwa wati, na sababu ya kupunguza kasi pale inapopunguza. Kwa mzigo wa majaribio nilitumia Cinebench R23, ambayo huishughulisha prosesa nzima kwa dakika 10 mfululizo. Kipimajoto cha chumbani kilisoma nyuzi 31 za selsiasi. Kanga iliyokunjwa ambayo mashine hulazwa juu yake pale kaunta niliiondoa kwanza, kwa sababu matundu ya kuvutia hewa yako upande wa chini na kitambaa huyaziba yote.

Prosesa hii ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 na inaweza kupanda hadi 3.4 kwa muda mfupi. Imesanifiwa kutumia wati 15 kwa kazi ya muda mrefu, na kikomo chake cha joto ni nyuzi 100. Ikikaribia kikomo hicho hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda licha ya hatua hiyo, mashine hukata umeme ghafla ili isiungue. Nilitarajia kwa hiyo kuona joto likipanda huku kasi ikishuka. Nilichokiona hakikufanana na hayo hata kidogo: joto lilikuwa nyuzi 52 tu, feni haikusikika, na kasi ilikuwa imeganda kwenye gigahezi 0.78, haipandi hata mzigo uongezwe vipi. Word ilichukua zaidi ya dakika nzima kufungua mtihani wa kurasa nne.

Mashine iliyo nzito ilhali haijapata moto haiwezi kuwa imeelemewa na joto. Hapo ndipo hukumu ya pesti ilipoanza kunitia shaka, si kwamba pesti ilikuwa nzima, bali kwamba haikuwa na uhusiano na uzito niliokuwa nikiuona wakati ule.

Niligeukia kumbukumbu za mfumo ndani ya Windows, mahali ambapo watu wengi hawafiki ingawa habari nyingi zimeandikwa humo bila malipo. Kulikuwa na tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power likijirudia tena na tena. Maana yake ni kwamba kasi ya prosesa inabanwa na programu ya ndani ya mashine yenyewe, wala si na Windows. Kulikuwa pia na tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo huandikwa pale mashine inapowaka baada ya kuzimika bila kuaga. Nilipoyapanga matukio hayo kwa saa, niligundua kwamba hayakuwa yakikaa pamoja: siku zenye tukio 41 za mchana hazikuwa na tukio 37 saa hizo, na siku zilizojaa tukio 37 mashine haikujizima hata mara moja. Nilimpigia Shangazi kumuuliza kama aliwahi kuona zamu ya namna hiyo.

"Ndiyo, mwanangu," alijibu. "Kuna siku inatambaa kama ina homa lakini haizimi. Ikiwa nyepesi, basi ujue adhuhuri itanizimikia mteja akiwa amesimama mbele yangu."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyangu vya saa nzima, kwa sababu lilithibitisha kwamba tulikuwa na ugonjwa wa aina mbili ndani ya mashine moja, na kwamba ule wa uzito ulikuwa ukiuficha ule wa joto. Prosesa inayotambaa kwa gigahezi 0.78 haitoi joto la kutosha kuizimisha mashine.

Jumapili: waya wa tatu

Sababu ya uzito ilijitokeza nilipochomoa chaja ili nihamie barazani. Papo hapo kasi ilipanda kutoka gigahezi 0.78 hadi juu ya 3, na feni ikaanza kuvuma. Nilipochomeka tena, ikaanguka kulekule. Kompyuta mpakato kwa kawaida hufanya kinyume chake, yaani hujibana inapotumia betri na kujiachia inapokuwa kwenye umeme, kwa hiyo mashine iliyo nyepesi kwenye betri na nzito kwenye umeme inakuelekeza moja kwa moja kwenye chaja au tundu lake.

Chaja ya mashine hii ni ya volti 19.5 na ampea 3.34, ambazo zikizidishwa ni wati 65. Plagi yake ni ya duara na katikati ina kisindano chembamba. Watu wengi hudhani kisindano hicho ndicho kinachopitisha umeme, kumbe umeme hupita kwenye kuta mbili za duara, ya ndani na ya nje, na kisindano hubeba taarifa tu: ndani ya boksi la chaja kuna chipu ndogo ya kumbukumbu inayoiambia mashine kuwa hii ni chaja ya wati kadhaa. Mashine isipopata taarifa hiyo haiwezi kujua kama imechomekewa chaja ya wati 65 au kijichaja kisichoweza hata nusu yake, na hivyo huchukua tahadhari ya kukataa kuchaji betri na kuipelekea prosesa ishara ya PROCHOT, ambayo asili yake ni kelele ya "nimepata moto," lakini inaweza kutumwa pia na sehemu nyingine za mashine hata kukiwa hakuna moto wowote. Prosesa ikiipokea haiulizi sababu. Inashuka chini kabisa na kukaa huko mpaka ishara iondolewe. Kwenye HWiNFO mstari wa IA: PROCHOT ulikuwa umewaka muda wote mashine ikiwa kwenye chaja, na kuzimika mara tu chaja ilipochomolewa.

Uthibitisho wa pili ulitoka kwenye ukurasa wa BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya Windows, ambako aina ya chaja iliandikwa kuwa haijulikani. Mita ilionyesha volti 19.5 safi kwenye plagi, na hiyo ndiyo sababu kila aliyeipima chaja hii kabla yangu aliipa cheti cha uzima. Nilipokuwa nikiuangalia ukurasa ule huku nikiukunja taratibu waya karibu na shingo ya plagi, maandishi yalibadilika na kuwa wati 65, nikauachia, yakarudi kuwa haijulikani. Ule waya mwembamba wa taarifa ulikuwa umekatika ndani ya mpira, na vipande vyake viwili vilikuwa vikigusana au kuachana kulingana na jinsi chaja ilivyolala siku hiyo nyuma ya kaunta. Zamu aliyoieleza Shangazi ilitokana na hilo: waya ukigusa, mashine huwa nyepesi na kuchemka, usipogusa, hutambaa ikiwa imepoa.

Kabla ya kulilaumu boksi zima niliazima chaja ya aina hiyohiyo kwa jirani mwenye mashine ya familia hiyo, na nikaitikisa plagi ndani ya tundu kila upande. Kasi haikuyumba, kwa hiyo tundu la mashine ni zima.

Niandike hapa pia jambo nililolikataa. Ipo programu iitwayo ThrottleStop inayoweza kuiamuru prosesa iipuuze ishara ya PROCHOT inayotoka nje yake, na kwa kubofya kisanduku kimoja mashine ingekuwa nyepesi jioni ileile bila kununua chochote. Sikubofya. Ulinzi ule umewekwa kwa sababu chaja isiyojulikana inaweza kuvutwa umeme kupita uwezo wake, na pale dukani chaja hulala kati ya marobota ya karatasi. Isitoshe, betri ingeendelea kutochaji, kwa hiyo ugonjwa ungebaki mwilini na dalili tu ingefichwa.

Jumatatu: chaja mpya

Tulinunua chaja Kariakoo. Nilikwenda na mashine yenyewe mkononi na sikulipa mpaka ukurasa wa BIOS ulipoonyesha wati 65, huku nikiupinda waya pande zote mbele ya muuzaji. Baadhi ya chaja za bei ya chini hutoa volti sahihi lakini hazina chipu inayotambulika, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na zile nzuri.

Jumatatu usiku: joto lajidhihirisha

Kikwazo cha chaja kilipoondoka, ule ugonjwa wa pili ulijitokeza bila kificho. Nikiwa katika chumba chenye nyuzi 31, Cinebench iliifikisha prosesa nyuzi 97 ndani ya nusu dakika ya kwanza, na kuanzia hapo kasi ikaanza kuteremka hadi ikatulia kwenye gigahezi 1.3, chini ya kasi yake ya msingi. Umeme uliokuwa ukitumika ulikuwa wati 7 tu. Feni ilivuma kwa nguvu zake zote, lakini nilipoweka kiganja kwenye matundu ya pembeni nilihisi pumzi hafifu ya uvuguvugu.

Katika mradi huu sikutaka kulinganisha joto peke yake, kwa kuwa joto la chumba hubadilika na prosesa hujirekebisha: mashine mbovu na mashine nzima zote zinaweza kuonyesha nyuzi 97, tofauti ikiwa kwamba moja inafika huko kwa wati 7 na nyingine kwa wati 20. Nilitumia kipimo kinachoziondoa hitilafu hizo zote mbili. Chukua joto la prosesa, toa joto la chumba, kisha gawanya kwa wati zinazotumika. Hapa ni 97 kutoa 31, yaani 66, kugawanya kwa 7, jibu ni takriban nyuzi 9.4 kwa kila wati moja. Namba hiyo inaeleza jinsi njia ya joto kutoka kwenye prosesa hadi hewani ilivyoziba, na kwa prosesa iliyosanifiwa kwa wati 15 haikubaliki, maana wati 15 zingehitaji kuifikisha nyuzi 172.

Nilikagua pia betri kabla ya kupanga siku ya kuifungua mashine. Amri ya powercfg /batteryreport ilionyesha kwamba betri iliyotengenezwa na uwezo wa wati-saa 42 sasa inajaa 26 tu, sawa na asilimia 62. Imechoka, lakini haijavimba: kifuniko cha chini kimelala sawasawa na kibao cha kipanya hakijainuka. Ingekuwa imevimba, kazi nyingine zote zingesubiri.

Jumamosi iliyofuata: vumbi

Mashine ilizimwa kabisa, chaja ikachomolewa, na baada ya kifuniko cha chini kutoka, kitu cha kwanza kilichochomolewa kilikuwa soketi ya betri. Kisha nilibonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki kwenye mazabodi uishe. Skrubu nilizipanga juu ya karatasi niliyoichora umbo la kifuniko, kila moja mahali pake, kwa sababu zile za nyuma ni ndefu kuliko za mbele na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye shimo fupi inaweza kutoboa kitu.

Katika modeli hii feni hutoka peke yake bila kugusa kipozeo, na bahati hiyo iliniwezesha kutenganisha athari ya vumbi na athari ya pesti. Feni yenyewe haikuwa chafu kiasi cha kutisha. Uchafu ulikuwa nyuma yake, pale hewa inapotoka kwenye feni na kuingia katika mapezi ya shaba yaliyopangwa karibukaribu: utando wa kijivu uliosokotana kama kitambaa cha sufi, mnene kiasi kwamba niliushika kwa kibanio nikauvuta ukatoka mzima kwa umbo la mlango wa mapezi. Nilipoupeleka kwenye mwanga niliona nyuzinyuzi nyeupe za karatasi, unywele, vijipande vya plastiki ya kulaminetia, na unga mweusi laini ambao kwa kuwa mashine hukaa ubavuni mwa fotokopi nilichukulia kuwa ni wino wa unga. Vumbi la steshenari ni tofauti na la nyumbani. Karatasi inapokatwa na kupitishwa kwenye rola humwaga nyuzi, nyuzi zikishikana hushika kila kinachopita, na utando ukishaanza hujikuza wenyewe.

Mtu akichungulia kwa nje kupitia matundu ya pembeni haoni kitu, maana utando hukaa upande wa ndani wa mapezi. Kwa sababu hiyo pia kupuliza blowa kutoka nje bila kufungua mara nyingi husukuma utando ule kuelekea kwenye feni, ukakaa humo siku chache na kurudishwa na hewa palepale ulipotoka.

Mapezi niliyamalizia kwa brashi laini ya rangi na blowa ya nguvu ndogo, nje ya nyumba, nikiwa nimefunika pua na mdomo kwa ajili ya ule unga wa wino. Feni niliipuliza huku nikiwa nimeshikilia mabawa yake kwa kidole. Ikiachwa izunguke kwa upepo hupita kasi iliyoundwa kwayo na beringi zake huumia. Nilipoisukuma kwa mkono ilizunguka kimya bila kukwaruza, kwa hiyo haikuhitaji kubadilishwa.

Nilirudisha feni bila kugusa kipozeo, nikafunga na kupima. Chumba kilikuwa nyuzi 31 vilevile. Prosesa ilitulia nyuzi 95 ikitumia wati 12, na kasi ilikuwa karibu gigahezi 2. Namba yetu ilishuka kutoka 9.4 hadi 5.3. Sehemu kubwa ya ugonjwa wa joto ilikuwa vumbi, kitu kinachotoka kwa brashi na subira, ingawa kila aliyeisikia habari ya mashine hii alianza na neno pesti.

Jumapili: pesti

Hata hivyo 5.3 bado ni kubwa, na hapo ndipo zamu ya pesti ilipofika. Kati ya uso wa prosesa na bamba la shaba la kipozeo kuna mianya midogo isiyoonekana kwa macho, kwa kuwa hakuna chuma kilichonyooka kikamilifu. Mianya hiyo ikijaa hewa, joto hukwama, kwa sababu hewa hupitisha joto vibaya sana: takriban wati 0.026 kwa mita kwa nyuzi, wakati shaba hupitisha karibu 400. Pesti haina maajabu, nyingi zina namba chache tu, lakini kazi yake ni kuifukuza hewa pale ambapo shaba haiwezi kufika. Kwa mantiki hiyohiyo, pesti ikipakwa nene huwa kizuizi badala ya daraja.

Skrubu nne za kipozeo zimechapwa namba kwenye chuma chenyewe, 1 hadi 4. Nilizilegeza kidogo kidogo kuanzia 4 kurudi nyuma, ili shinikizo lipungue sawasawa na kisielemee upande mmoja. Kipozeo kilipogoma kuachia sikukivuta juu. Nilikizungusha kidogo kushoto na kulia mpaka kikajiachia. Chini yake kulikuwa na vipande viwili vya silikoni juu ya kibao kimoja: kikubwa ni prosesa na kidogo ni chipu saidizi. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka na kupasukapasuka, imesukumwa pembeni ikawa tuta, na katikati ya prosesa palikuwa na doa karibu wazi, sehemu ileile inayotoa joto jingi zaidi.

Kwa kusafishia nilitumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kutoka duka la vifaa vya elektroniki. Spiriti ya duka la dawa niliiacha, kwa kuwa mara nyingi ina maji na nyingine huongezwa mafuta. Pamba za masikio huacha nyuzi, kwa hiyo nilimalizia kwa kitambaa cha kufutia miwani mpaka uso wa silikoni ukang'aa na kitambaa kikatoka cheupe. Nilikagua pia bomba la shaba linalounganisha bamba na mapezi. Bomba hilo limefungwa pande zote na ndani yake mna maji kidogo katika shinikizo la chini. Maji hugeuka mvuke upande wa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, ukapoa na kuwa maji tena, nayo hurejeshwa na utando wa ndani. Bomba likikunjika au kutoboka huacha kufanya kazi bila kutoa dalili ya nje, na hakuna pesti itakayolisaidia. Hili halina mkunjo wala doa.

Nilipaka pesti kiasi kidogo katikati ya kipande cha prosesa, nikaisambaza kwa kijikadi cha plastiki ikawa tabaka jembamba lililofika pembe zote nne, kisha nikakaza skrubu kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 4, kila moja nusu nusu kwa mizunguko, mpaka zikagota.

Matokeo katika chumba kilekile cha nyuzi 31: nyuzi 79 kwa wati 15, kasi gigahezi 2.4 isiyotetereka mpaka dakika 10 zikaisha. Namba ni 3.2 kwa wati. Mwanzoni mwa jaribio kasi ilikuwa juu zaidi ya hapo kwa takriban nusu dakika, kisha ikashuka yenyewe, na jambo hilo lisimtie mtu wasiwasi: prosesa za aina hii huruhusiwa kwa mpangilio wa kawaida kuvuka wati 15 kwa sekunde zipatazo 28, kisha hurudi kwenye kiwango chao cha kudumu hata kama hazijapata moto.

Jumatano: diski na programu

Sehemu hii haikuwa na fumbo. CrystalDiskInfo iliipa diski rangi ya manjano kwa sababu ya sekta zilizo mashakani, yaani vipande vya diski vinavyogoma kusomeka, ambavyo programu hiyo huviorodhesha kwa namba C5, na hilo pekee lilitosha kuistaafisha. Nakala ya mafaili ya duka ilichukuliwa kwanza kwenye diski ya nje, kisha mfumo mzima ukahamishiwa kwenye diski ya SSD, yaani isiyozunguka, ya gigabaiti 480. Kuwaka kwa mashine mpaka Word kuwa tayari sasa ni suala la sekunde, ingawa badiliko hilo haliongezi kasi ya prosesa hata kidogo na lisingesaidia lolote wakati ule wa gigahezi 0.78.

Kwenye programu kulikuwa na antivirasi mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja, ya Windows yenyewe na nyingine iliyowekwa na fundi fulani kwa nia njema baada ya flashi ya mteja kuleta virusi. Kila flashi ilipochomekwa, zote mbili ziliivamia na prosesa ikapanda. Nimebakiza ile ya Windows na kuondoa nyingine. Windows haikupigwa upya.

Wiki ya dukani

Mashine ilirudi kaunta, safari hii juu ya kibao chenye miguu kinachoacha nafasi ya vidole viwili chini yake, na mbali kidogo na fotokopi. Asubuhi ileile Shangazi alinipigia kwa mashaka.

"Baba, hii kitu umeitengeneza au umeiharibu? Mbona sasa ndiyo inapuliza moto kuliko zamani? Nimeweka mkono pale ubavuni nikautoa haraka."

Nilimweleza kwamba moto ule ndio uliokuwa ukibaki ndani. Mashine inayopoa vizuri hutoa hewa ya moto zaidi kwenye matundu, kwa sababu joto la prosesa sasa linapata njia ya kutokea, na mashine iliyoziba hupuliza uvuguvugu huku ndani ikiungua. Hakuridhika mpaka nilipompeleka kwenye HWiNFO akasoma mwenyewe nyuzi 63 akiwa anachapa huku kivinjari kikiwa na vichupo vingi vya maombi. Kumpa mtu kipimo anachoweza kukisoma mwenyewe ni bora kuliko kumwambia aguse kwa mkono, maana mkono hapa hudanganya.

Nilichukua kumbukumbu za mfumo mwishoni mwa wiki. Tukio 37 halikuonekana tena tangu chaja mpya ilipoanza kutumika, na tukio 41 halikuonekana tangu mapezi yaliposafishwa. Joto la juu kabisa lililoandikwa lilikuwa nyuzi 84, saa nane mchana, mabati yakiwa yamepamba moto na feni ya dari ikiwa imezimwa kwa sababu ya karatasi. Sikuweka kikomo cha kasi kwenye mipangilio ya umeme, ingawa kupunguza hali ya juu ya prosesa hadi asilimia 99 huzima kasi ya nyongeza na kushusha joto kwa haraka; ningelifanya hivyo kama kipozeo kingeshindwa kazi, na hakijashindwa.

Chaja ya zamani nimeikata plagi ili isije ikachomekwa tena na mtu anayeiona inatoa volti 19.5. Betri ya asilimia 62 itabadilishwa fedha ikipatikana, na kwa sasa inatosha kuokoa kazi umeme unapokatika. Kipimo kinachofuata kimepangwa mwezi wa Julai, Dar inapokuwa na ubaridi kidogo, kwa Cinebench ileile na kipimajoto kilekile: chumba kikiwa nyuzi 27 natarajia prosesa itulie karibu na nyuzi 75 kwa wati 15. Namba ikivuka 4.5 kwa wati, mapezi yatafunguliwa tena kabla ya msimu wa joto wa Desemba.